Haki ya Kusema Hapana

Msimu wa korosho ukifunguliwa, wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wilaya tatu zilizokipa jina chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, hukutana mnadani kusikiliza bei za wanunuzi. Mzigo uko ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, lakini hauuzwi mpaka wenyewe waridhie. Bei ikiwa ya kuumiza, wanaikataa. Anayetaka kupima demokrasia ya nchi yetu aanzie hapo, kabla hajaenda Dodoma: je, mwananchi anaweza kukataa alicholetewa, na kukataa kwake kukahesabiwa?

Kwa kipimo hicho, mwaka 2020 ulituangusha. Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipita bila kupingwa Ruangwa, mmoja wa wagombea ubunge wa CCM zaidi ya 20 waliopita kwa njia hiyo. Mkulima mwenye sauti juu ya bei ya kilo moja ya korosho hakupewa karatasi ya kumchagulia mbunge. Ajabu ni kwamba hata mfumo wa chama kimoja ulikuwa na utaratibu mpana zaidi: katika uchaguzi wa 1965 wanachama wawili wa TANU walishindanishwa jimboni, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba, na baadhi ya mawaziri wakaanguka.

Wapo watakaojibu kwamba Majaliwa alipendwa kwao, ndiyo maana hakupata mpinzani. Huenda. Lakini anayependwa hana cha kuogopa kwenye sanduku la kura, na penzi lisilopigiwa kura halipimiki. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema maendeleo kwanza, kura baadaye; kwamba mwenye kiu anataka kisima, hataki kampeni. Nachingwea ina jibu la zamani kwa hoja hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliichagua pamoja na Kongwa na Urambo kwa mradi wa karanga, wakafyeka mapori na kujenga reli bila kuwauliza waliojua udongo na mvua ya huko. Mradi ulioanza 1947 ulitelekezwa 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea. Karibu zaidi na sisi, Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, na nia ya kumkinga mkulima dhidi ya wanunuzi waliokuwa wakimpunja haikuwa mbaya. Ila uhakiki ukarefuka, malipo yakachelewa, na mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine wa kumkimbilia. Maendeleo yasiyo na mtu wa kuyahoji huishia kumgharimu yule yule aliyekusudiwa kunufaika.

Ni haki kusema kwamba sheria ya uchaguzi ya 2024 ilirekebisha kasoro moja: sasa mgombea pekee lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Hiyo ni hatua, lakini ni nusu ya safari, maana hapana bila mpinzani haina mtu wa kumpa kazi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda karibu vijiji vyote. Mwaka uliofuata Chadema haikuwamo kabisa kwenye uchaguzi mkuu, na waangalizi wa SADC wakasema katika taarifa yao ya awali kwamba sehemu nyingi wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2030 kuna mlango ulio wazi karibu na nyumbani. Sheria ya serikali za mitaa Namba 7 ya 1982 inampa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa, nenda. Dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na isiposomwa, dai iandikwe kwenye muhtasari kwamba haikusomwa.