Usukani mgumu Mafinga, ukifika Rujewa mwepesi!

Mashabiki wa Nyanda za Juu Kusini, hii inawahusu. Ligi yetu siku hizi inasogea mpaka Juni. Dabi ya Kariakoo ya mzunguko wa pili wa msimu wa 2024/25 ilipigwa Juni 25. Na Juni huku kwetu ni mwezi wa makoti. Ukitaka kuwahi mechi Sokoine, Mbeya, kutokea Mafinga, gari linawashwa alfajiri na baridi inang'ata.

Safari yetu moja ilianza hivyo. Noah ya zamani, watu saba, jezi juu ya masweta. Dereva anakata usukani atoke getini, usukani unagoma, mzito kama jiwe la kusagia. Chini ya boneti mkanda unapiga yowe, pampu ya pawa inaguna. Akasema baridi tu hiyo, likipata moto litakaa sawa. Kweli bwana, kufika Nyigo ulishaanza kulegea, na tulipoteremka Igawa, kwenye joto la Usangu, jamaa anaendesha kwa kidole kimoja. Gari zima likamshangilia.

Rujewa tukasimama kunywa chai. Hapo huwezi kukwepa stori ya Ubaruku, Novemba 29, 2022, Ihefu walipoichapa Yanga 2-1 Highland Estates na kukata mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwana Yanga mmoja alisusa maandazi. Katikati ya kelele hizo fundi wa jirani akasikia habari ya usukani, akaomba boneti ifunguliwe.

Dereva akacheka: gari limepona, unatazama nini? Fundi akamuuliza tu tunarudi lini. Usiku huuhuu. Kwenda wapi? Mafinga. Kicheko kikakatika.

Alichotuonyesha ni hiki. Baridi ya Mafinga peke yake haiui pawa. Ulaya magari yanalala kwenye theluji na asubuhi yanakata kona. Baridi inafichua ugonjwa uliokuwepo. Kikopo cha mafuta ya pawa kilikuwa chini ya alama, na kilichobaki kilikuwa cheusi, kina povu. Noah ile inatumia ATF, ambayo ikiwa mpya ni nyekundu. Mtu alikuwa akijazia oili ya injini! Oili hiyo ikipoa inakuwa nzito, pampu inahangaika kuivuta, na kwa kuwa ni kidogo inavuta na hewa. Mkanda nao ulilegea, ukawa unateleza pampu ikizidiwa. Joto likipanda oili inalainika, nawe unadhani umepona.

Bora oili kuliko breki fluidi, maana hiyo ingeharibu sili zote za mpira.

Mpira wa kurudishia mafuta ulikuwa unavuja kwenye kibano. Akakaza, akamwaga uchafu wote, akaweka ATF, akakaza mkanda. Kisha akanyanyua matairi ya mbele kwa jeki na kuzungusha usukani taratibu kushoto na kulia, mara nyingi, mpaka povu likaisha. Akamkanya dereva asiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho, pampu inachemka bure.

Wenye gari za pawa ya umeme msitafute kikopo, hakipo. Anzeni na betri, maana betri iliyochoka inaumbuka asubuhi ya baridi. Upepo wa matairi pia hushuka, na tairi laini hufanya usukani uwe mzito. Na ikitokea pawa imekata njiani, matairi bado yanakutii, ila kwa nguvu za mikono: punguza mwendo, toka barabarani.

Kagua gari asubuhi likiwa bado la baridi, kabla hujapiga stata. Ukisubiri Rujewa, ushahidi umeshayeyuka.

Sokoine tulifika kipindi cha pili kimeanza, na lawama zote akabeba dereva. Usiku Makambako, baridi kali, aliingia sheli akikata kona kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na hindi la kuchoma.