Wageni wa Kisumu na Swali la Najashi

Sisi watu wa pwani tukifika Kisumu hutafuta kwanza msikiti, kisha ngege wa kukaanga. Alasiri moja, baada ya swala, niliketi barazani na mzee mwenyeji wa mji. Akaniuliza kama nawakumbuka wale Waganda 36.

Nawakumbuka. Julai 2024 wanachama wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa hapa Kisumu walipokuja kwa mafunzo. Wakavushwa mpaka bila kesi yao kusikizwa na hakimu wa Kenya, na Kampala wakashtakiwa ugaidi, shtaka walilolikana.

"Najashi aliuliza kwanza," mzee akasema.

Ndugu msomaji, kisa wakijua. Waislamu wa mwanzo walikimbilia Uhabeshi; Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi, Amr bin Al-As akiwamo, warudishiwe watu wao. Mfalme akakataa kuwatoa hadi awasikilize. Jaafar bin Abi Talib akasema yake, na wajumbe wakarudi mikono mitupu.

Nikamweleza kuwa Ulaya swali hilo wamelitia katika sheria. Mkataba wao wa 1957 unakataza kumtoa mtu kwa kosa la siasa. Tena mwaka 1989 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliizuia Uingereza kumpeleka Marekani Mjerumani Jens Soering, japo tuhuma zake zilikuwa za mauaji matupu. Kukaa miaka gerezani ukingoja kuuawa ni mateso, ikasema, na dola inayomkabidhi mtu kwenye mateso ina lawama yake.

"Basi wenzetu wamesalimika."

Si sana, mzee wangu. Februari 1999 Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK ya Wakurdi, alichukuliwa Nairobi akapelekwa Uturuki. Mwaka 2005 mahakama ile ile iliona kwamba hakuhukumiwa kwa haki. Lakini kule kuchukuliwa kwake haikukutia kosani, maana haikuthibitika kuwa Kenya ilikuwa haikuridhia. Mwenye nyumba akisharidhia, mgeni ana neno gani?

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akamtaja Hezekiah Ochuka, mtu wa Nyakach, huku huku ziwani. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 liliposhindwa alikimbilia Tanzania. Mwaka 1983 akarudishwa, nayo Tanzania ikapewa watu wake iliowataka. Alinyongwa Kamiti mwaka 1987.

"Kosa alikuwa nalo, sikatai," akasema akitafuta viatu vyake. "Lakini siku ile ya kubadilishana, nani aliuliza watakwenda kufanywa nini?"