Kukaa na Kukaliwa

Majuzi, katika kibanda cha chai mtaani Kisumu Ndogo, Kibera, mzee mmoja alinitupia neno lililonifuata hadi chuoni. "Mwalimu," alisema, "sisi hapa hatukai, tunakaliwa."

Mimi ni mtu wa isimu, na neno kama hilo siliachi lipite. Kitenzi 'kaa' kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa 'kalia'. Mtu hukaa kwake, lakini hukalia kiti. Ndiyo maana nchi iliyotwaliwa na majeshi twasema imekaliwa: watu wake wamefanywa kiti.

Maana hiyo jirani zetu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, waliijua kwa machungu. Tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini humo, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiwatetea raia pamoja na wakimbizi wa Rwanda, aliuawa na wanajeshi. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliushuhudia mji ukiangukia mikononi mwa waasi wa RCD mwaka 1998, wakiungwa mkono na jeshi la Rwanda. Katika ujumbe wake wa Krismasi ya 1999 aliwalaumu wageni waliokuwa wakipora nchi, na Wakongo walioshirikiana nao vilevile. Februari 2000 waasi walimfukuza, akapelekwa Butembo. Alirejea Septemba, tarehe 4 Oktoba akafariki Roma.

Jambo kubwa kwangu ni kwamba Kataliko hakumstahi mkosaji kwa kuwa ni ndugu.

Je, sisi? Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliiteketeza sehemu ya Kibera. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) likakiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo hilo lilihitaji ujasiri, lakini lilikuja baada ya mazishi.

Naam, msomaji, Kibera si Bukavu, wala sitaki kulinganisha visivyolingana. Hata hivyo, mzee wangu hakuwa akizungumzia jeshi geni. Alimtaka padri, mchungaji na shehe amwulize kila mwenye nguvu, awe wa kabila lake au la jirani: "Mbona umewakalia watu?" Swali hilo halingoji vita. Huulizwa mapema, ingali na faida kuuliza.