Fahamu: Kupunguza wanga bila kuuaga ugali

Kilo za kwanza anazopoteza aliyepunguza wanga ni maji zaidi kuliko mafuta. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu 3 za maji. Mizani hushuka haraka, kisha husuasua, na hapo wengi hukata tamaa.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2018, uliohusisha watu 609 kwa miezi 12, uliona waliopunguza wanga wamepungua wastani wa kilo 6 na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti ndogo! Kinachoamua ni kudumu.

Basi punguza donge la ugali, ongeza mchicha na dagaa, acha soda. Unayetumia dawa za kisukari, mwone daktari kwanza: sukari yaweza kushuka kupita kiasi.