Bangi isiyonuka si bangi hafifu

Ilemba, Sumbawanga. Mama mmoja wa kata hii ya Bonde la Ziwa Rukwa alikuwa akifua sare ya kijana wake wa kidato cha tatu. Mfukoni akakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa vizuri, na ndani yake majani makavu yaliyosagika. Alidhani ni mchaichai. Akanusa. Hakusikia harufu ya limau, bali kitu kama nyasi za zamani.

Jioni alimwita.

“Baba, hiki ni nini?”

“Ni majani tu mama. Tena haya mepesi, hata hayanuki. Yanayonuka ndiyo makali.”

Mama alinyamaza. Hakuwa na la kujibu, maana hata yeye alikua akisikia hivyo hivyo, kwamba bangi hupimwa kwa pua.

Kijana alikosea, na kosa lake ni la wengi. Kinacholevya kwenye bangi ni kemikali iitwayo THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964. THC yenyewe haina harufu ya kuitambulisha. Harufu inatokana na kundi jingine la kemikali, terpini, ambazo hazikosekani katika nyumba yoyote ya Rukwa. Limonini imo kwenye ganda la chungwa. Pinini ndiyo inayonukia kwenye mipaina iliyopandwa huko juu Ufipa. Linaluli imo kwenye mrehani, kariofilini kwenye karafuu na pilipili manga, na mirsini kwenye embe na mchaichai. Ule uvundo mkali unaowakumbusha watu kicheche ni habari nyingine. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2021 kwamba chanzo chake ni kemikali za salfa, ndugu wa zile za kitunguu saumu.

THC na terpini hutengenezwa mahali pamoja, kwenye vinyweleo vidogo vinavyonata juu ya maua ya mmea wa kike. Zikishavunwa, kila moja inashika njia yake. Terpini ni nyepesi, hupaa na hewa kama harufu ya mchaichai ulioachwa juani wiki nzima. THC haipai hivyo. Majani yaliyokaa mfukoni yanaweza kupoteza harufu karibu yote na bado yakamwangusha mtoto.

Je, harufu haina kazi yoyote mwilini? Hapo wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema terpini hubadilisha namna THC inavyomchukua mtu, kwamba mirsini huleta usingizi na limonini hupunguza hofu. Huko kwenye nchi zilizoruhusu bangi, wauzaji wameigeuza kauli hiyo kuwa biashara na kuibandika kwenye vifungashio. Ushahidi wenyewe ni mdogo. Utafiti mmoja unaotajwa sana, uliotolewa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ulihusisha watu 20. Limonini ilipunguza wasiwasi ulioletwa na THC, lakini kwa kipimo kikubwa kuliko kile ambacho kwa kawaida hupatikana kwenye mmea. Kutoka hapo hadi kumwambia mwanafunzi kwamba “ya harufu hii inatuliza” ni mbali sana.

Kwa mwanafunzi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Anayeanza bangi mapema anajiweka karibu na matatizo ya kumbukumbu na masomo, na kwa baadhi, hasa wenye historia hiyo katika ukoo, magonjwa ya akili. Kuna na sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, ambayo haiulizi kama majani yananuka au hayanuki.

Wazazi wengine hukimbilia fimbo. Mama huyu alisubiri siku mbili, kisha akamwuliza swali lingine wakiwa wanachambua mchele.

“Nani alikwambia haya yanafaa, na yanafaa kwa nini?”

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema halali usiku tangu baba yake alipofariki. Mwenzake alimwambia kuna bangi ya kuleta usingizi, inajulikana kwa harufu yake, na hii ndiyo iliyobaki.

Mama hakuwa akijua habari za usingizi huo. Usiku alikuwa akisikia mlango wa nje ukifunguliwa, akadhani kijana anakwenda chooni.

Kile kikaratasi alikitumbukiza chooni usiku uleule. Jumatatu alimwomba mjomba wa kijana aangalie duka, naye akaenda na mwanawe kituo cha afya. Hawakwenda kuzungumzia bangi kwanza. Walianza na usingizi.