Umepasuliwa goti: lini utarudi kwenye baiskeli?



Katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba kuna swali ambalo tunaulizwa kabla hata hatujakaribishwa kiti: "Nitapanda kinga lini?" Anayeuliza huwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, magongo ameyaegemeza ukutani. Hapa Nakivale hatuna haja ya kumuuliza haraka ya nini. Baiskeli ndiyo inaleta maji, ndiyo inabeba matoke na mkaa kwenda sokoni, na ndiyo inalipa karo ya mtoto. Mwenye baiskeli akilala, hata sabuni inakosekana nyumbani.

Makala hii ni kwa wale waliovunjika kwenye goti au karibu na goti, wakapasuliwa na kufungwa sahani ya chuma na skrubu. Mbele kidogo nitagusa pia goti la bandia, kwa sababu tunaulizwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Baba yangu mdogo alianguka akiteremka kilima na mikungu ya matoke. Breki zilikataa. Mfupa wa muundi ulipasuka pale juu unapokutana na goti. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, na wiki ya saba akasema haumwi tena. Nilimwambia, "Subiri, baba," lakini sikumweleza kwa nini asubiri. Akaitikia vizuri, na kesho yake alfajiri akatoka na bidoni mbili za maji. Alipanda kilima kimoja tu. Sahani ilipinda, na ikabidi apasuliwe mara ya pili. Tangu siku hiyo simwambii mtu "subiri" bila maelezo.

Maelezo ni haya. Chuma hakiponyi mfupa. Kazi yake ni kushika vipande mahali pake wakati mwili unaviunganisha, kama kamba unayofungia miti ya nyumba wakati udongo haujakauka. Kama unaning'inia kwenye ile miti kila siku, kamba italegea na ukuta utakauka ukiwa umeinama. Chuma nacho huchoka. Kikipindwa na uzito kila siku kabla mfupa haujashikana, kitakunjika au skrubu zitang'oka. Na ujue kwamba maumivu hupungua mapema kwa sababu vipande vimeshikwa na havisuguani tena. Havijaungana bado. Ndiyo maana kutoumwa si ruhusa. Ruhusa inatoka kwa daktari, baada ya kukupima na kuangalia picha ya eksirei.

Tena pale kichwani mwa muundi kuna jambo la pili. Uso wa mfupa umefunikwa na gegedu laini, na juu yake ndipo mfupa wa paja unakaa. Uso huo ukididimia, goti linapinda, na miaka ya mbele utaumwa kiungo kila ukitembea.

Kwa mivunjiko ya aina hii madaktari wengi hukataza kuukanyagia mguu kwa wiki 6 hadi 12. Wewe fuata kilichoandikwa kwenye karatasi yako, usifuate ya jirani, maana mivunjiko haifanani hata kama makovu yanafanana.

Wengine tunawakuta wamekosea upande wa pili. Wameulaza mguu miezi mitatu, wameweka mto chini ya goti kwa sababu unaleta nafuu, na siku ya ruhusa goti limekauka kama ubao. Mto chini ya goti hapana. Kunja kitenge, ukiweke chini ya kisigino, goti libaki hewani, lijifunze kunyooka. Kaza msuli wa paja kama unayetaka kuligandamiza goti kwenye mkeka, hesabu mpaka 5, legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Halafu pitisha kitenge chini ya wayo, shika ncha zote mbili, na uvute kisigino taratibu kuelekea makalio. Kama daktari amekuwekea mpaka wa kukunja, usiupite.

Kwa nini nasisitiza kukunja? Kuzungusha pedali mzunguko mzima kunataka goti likunjike kama digrii 105 hadi 110. Huna kipimo nyumbani, lakini unacho kiti. Ukikaa na muundi umesimama wima, hapo goti liko digrii 90, na bado hapatoshi. Vuta kisigino nyuma, chini ya kiti. Vidole vya mguu vikifika nyuma ya goti, mzunguko utapita bila kulazimishwa.

Sasa baiskeli yenyewe. Hospitali kubwa zina baiskeli za mazoezi zisizotembea. Sisi tuna kinga zetu nzito, na hizi zina faida ambayo wengi hatujaifikiria: stendi yake ya miguu miwili inainua gurudumu la nyuma. Daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikuruhusu, na kidonda kimefunga, isimamishe kwenye uwanja ulio sawa, ndugu wawili waishike huku na huku, wakusaidie kukaa. Anza kwa kuzungusha pedali kinyumenyume. Ukizungusha hivyo cheni haivuti gurudumu, kwa hiyo goti linajikunja bila mzigo. Kama mzunguko haupiti, nenda nusu mbele, nusu nyuma. Usisukume kwa nguvu ili upite. Dakika 5 zinatosha siku za kwanza. Goti likivimba jioni na kesho yake halijashuka, umezidisha. Pumzika siku moja, upunguze.

Kiti kipandishe. Wengi wetu tunapanda na kiti cha chini ili miguu ifike chini kwa urahisi, lakini kiti cha chini kinalikunja goti sana na kulielemea. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Ukiona makalio yanayumba huku na huku, umekipandisha mno.

Halafu kuna kupanda, yaani ile dakika ya kwanza kabla hujaenda popote. Tumezoea kukanyaga pedali ya kushoto, kusukuma ardhi kwa mguu wa kulia mara mbili tatu, kisha kurusha mguu juu ya kiti. Kama goti lililopasuliwa ni la kushoto, uzito wote wa mwili unalidondokea hilo, tena likiwa limejipinda. Acha mtindo huo. Ilaze baiskeli upande, pitisha mguu, isimamishe ukiwa katikati yake, ndipo uondoke. Kushuka ni hivyo hivyo: simama kabisa kwanza, weka chini mguu mzima.

Barabarani, anza pale pasipo na kilima, bila mzigo, bila abiria. Kwa wengi ruhusa hii haiji kabla ya miezi mitatu. Vilima vinafuata baadaye. Baiskeli zetu hazina gia za kupunguza uzito, kwa hiyo kila mlima unaupanda kwa goti tupu, na ukisimama juu ya pedali unaliongezea. Mlima ukikuja, shuka uisukume. Najua vijana watacheka. Wacheke. Mteremko nao usikudanganye kwa kuwa haukuchoshi: kwenye changarawe ndiko watu wanakoanguka, na kuanguka ndiko kunakovunja upya. Badilisha mipira ya breki kabla ya safari ya kwanza, sio baada yake.

Mzigo uwe wa mwisho kabisa. Bidoni mbili zilizojaa, za lita 20 kila moja, ni kilo 40. Bidoni nne ni kilo 80, yaani mtu mzima mwingine amekaa kwenye keria. Uliza kliniki kwa maneno hayo hayo: "Naweza kubeba kilo 40 kwenye kilima?" Ukiuliza tu "Naweza kupanda baiskeli?" utajibiwa kuhusu baiskeli tupu. Na wakati unangoja, baiskeli isikae ikishika kutu. Mpe kijana unayemwamini aifanyie kazi, mgawane cha siku mbele ya shahidi. Familia mbili katika mtaa wetu zimepita miezi migumu kwa njia hiyo.

Je, goti la bandia? Hili ni jambo lingine. Wapo wazazi wetu waliohamishiwa Marekani na Kanada ambao wamewekewa, wakatusimulia kwa simu, na wagonjwa wetu wanataka kujua. Hufanyiwa hasa mtu ambaye gegedu limekwisha. Daktari hukata nyuso za mifupa iliyoharibika na kuzivika chuma, katikati anaweka plastiki ngumu. Wengi wao hupanda baiskeli ya mazoezi ndani ya wiki chache, na barabara iliyo sawa baada ya wiki 6 hadi 12. Goti la namna hiyo hudumu: utafiti uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa kati ya magoti 100, kama 82 yanafika miaka 25. Wako wanaorudi hata kwenye baiskeli za milimani kwa michezo, lakini madaktari wanawaonya juu ya kuanguka, kwa sababu mfupa unaozunguka kile chuma ukivunjika, kuurekebisha ni kazi kubwa.

Usingoje siku ya miadi ukiona haya: kidonda kinatoa usaha au kimekuwa chekundu na cha moto, homa, maumivu mapya baada ya kuanguka, au mguu kukataa uzito ambao jana uliubeba. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usikubali lichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kuchua kunaweza kuisukuma. Ukipata shida ya kupumua ghafla au kifua kuuma, uletwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Unapokuja kliniki, leta karatasi ya hospitali na picha zako zote za eksirei, za kwanza na za mwisho, maana daktari hupima kwa kulinganisha. Zihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na jiko na mahali panapovuja. Mwezi uliopita mama mmoja alituletea picha ambayo watoto walikuwa wamekata madirisha ya gari la kuchezea.