Je, Wajua? Uwanja wa vita uliogeuka gereza

Kaskazini mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Ethiopia, kuna Lokitaung. Italia ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia Juni 1940, Ethiopia ilikuwa mikononi mwake, na ghafla Turkana ikawa mpaka wa himaya mbili zinazopigana, ya Italia na ya Uingereza. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Uingereza la Afrika Mashariki, walivuka huko mapema 1941. Mei mwaka huohuo Haile Selassie akarejea Addis Ababa. Utawala wa Italia Ethiopia ukavunjika.

Uingereza ilishinda, lakini ushindi wenyewe uliigharimu heshima machoni pa askari wake Waafrika. Bildad Kaggia, Mkenya aliyekuwa karani wa jeshi lake, alifika Mashariki ya Kati na Uingereza. Mkenya mwenzake, Waruhiu Itote, alipigana Burma. Mzungu waliyemwona huko alichoka, aliogopa, alikufa kama mtu yeyote. Heshima ya zamani isingerudi tena. Kaggia akawa mwanasiasa wa chama cha KAU (Kenya African Union), Itote akawa Jenerali China wa Mau Mau.

Wote wawili walifungwa wapi? Lokitaung, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Itote Kiingereza gerezani. (Serikali ya kikoloni iliwapeleka mbali ili wasahaulike. Ikawakutanisha!)

Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akaishi huko kizuizini hadi 1961. Ukisafiri kwenda Kakuma, pitia Lodwar uione nyumba aliyoishi: ingali imesimama.